Kuku Wetu Hawakosi Pumba, Wanakosa Protini

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri, mbele ya wazee, vijana na akina mama)



Wazee wangu waheshimiwa, ndugu zangu vijana, na mama zangu mlioko upande wa pili wa pazia. Nimetakiwa niseme machache juu ya kuku wa nyumbani, na kwa kuwa jambo hili ni pana na muda tulionao ni huu wa kati ya Alasiri na Magharibi, nimeona nisitawanye maneno. Sitasema juu ya mabanda wala masoko. Nitasema juu ya kitu kimoja tu ambacho kuku wetu wa kienyeji wanakikosa na sisi hatukitambui, nacho ni protini, yaani ile sehemu ya chakula ijengayo nyama, manyoya, damu na yai lenyewe.

Maneno haya nayaelekeza kwanza upande wa pili wa pazia, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi kuku ni mali ya mama. Sare ya shule, daftari, chumvi na mafuta ya taa hutoka kwenye kuku wale wanne au watano wanaolala jikoni. Baba huwakumbuka anapokuja mgeni.

Sasa tazameni hali ilivyo. Mtetea wa kienyeji, akiachwa ajitafutie, hutaga mayai kiasi cha 12 au 15, akaatamia siku 21, akatotoa vifaranga 10, kisha akatembea nao miezi miwili au mitatu. Mwisho wa safari hiyo huwa amebaki na vifaranga watatu au wanne. Katika vijiji vingi zaidi ya nusu ya vifaranga hufa kabla ya kutimiza wiki nane. Nasi husema, mwewe kachukua, au baridi imewaua, au ni mapenzi ya Mungu. Mwewe ni kweli yupo, na baridi ipo. Lakini kifaranga aliye dhaifu ndiye anayeachwa nyuma na mama yake, ndiye asiyeweza kukimbia, na ndiye asiye na manyoya ya kumkinga na umande. Na udhaifu wake kwa sehemu kubwa umetokana na chakula.

Twampa nini? Twamtupia pumba za mahindi, au chenga za mchele, au ukoko wa ugali. Chakula hicho kina nguvu ya kumfanya atembee, lakini cha kumjenga ni kidogo mno. Kifaranga wa wiki za mwanzo anahitaji chakula ambacho katika kila sehemu 100, sehemu 18 hadi 20 ni protini. Mahindi yana sehemu 8 au 9 tu. Pumba zina kama 10. Kwa hiyo kifaranga anayelishwa pumba peke yake hupata nusu ya anachohitaji, hata kama ameshiba na gole lake limejaa mpaka linaonekana shingoni. Shibe ya kuku isitudanganye.

Kuku mkubwa naye anayo hesabu yake. Yai la kuku wa kienyeji lina uzito wa gramu 40 au 45, na ndani yake mna protini kiasi cha gramu 5. Ili atoe gramu hizo 5 yampasa ale zaidi ya mara mbili yake, mbali na ile inayomtunza yeye mwenyewe. Asipoipata haachi kuishi, bali huacha kutaga. Huo ndio mpango ambao Mwenyezi Mungu amemwekea, kwamba aihifadhi nafsi yake kwanza. Wataalamu waliochunguza vilivyomo ndani ya magole ya kuku wanaojitafutia, hapa nchini na kwingineko, wamekuta mara nyingi kwamba nafaka na mabaki ya chakula yamo, lakini protini imepungua, na kwamba upungufu huo huzidi wakati wa kiangazi. Masika ardhi imejaa kumbikumbi, panzi, minyoo na majani mabichi, na kuku hutaga. Kiangazi ardhi imekauka, wadudu wametoweka, na mayai yamekoma. Mwenye kuku hudhani kuku wamechoka.

Dalili nyingine mnazijua, ila huenda hamkuziunganisha na chakula. Kuku hudonoana manyoya na kuyala. Vifaranga wa tumbo moja hukua kwa urefu tofauti, na manyoya ya mbawa hayajazi. Kuku aliyenyonyoka hukaa muda mrefu bila kurudishiwa manyoya, na hilo si ajabu, kwani unyoya karibu wote ni protini. Kuku kula mayai yake huweza kuwa na sababu hiyo pia, ingawa hapo mara nyingi ukosefu wa chokaa nao umo.

Basi tiba iko wapi? Wengi hufikiri mara moja chakula cha dukani, wakiuliza bei wanakata tamaa. Nami nasema msikate tamaa, kwa sababu hatuhitaji kuwalisha kuku wote kutwa nzima. Kuku wa kujitafutia tayari anajitafutia sehemu kubwa. Tunalotakiwa kufanya ni kumwongezea kile kinachopungua, kwa anayekihitaji zaidi, katika wakati anaokihitaji. Na wa kwanza kabisa ni kifaranga.

Chukueni tenga, lile la kubebea kuku, mliinue kidogo juu ya matofali au mlitoboe matundu ambayo kifaranga hupita na mama yake hapiti. Chakula chenye protini kiwe humo ndani pamoja na maji. Kuku mkubwa akikifikia atakimaliza kwa dakika mbili, na jogoo ndiye mwizi mkubwa. Fanyeni hivyo kwa wiki nane. Kifaranga wa kienyeji hula takriban kilo moja na nusu tu ya chakula katika muda huo wote, na akitembea na mama yake mchana hupungua zaidi. Kwa hiyo vifaranga 10 hawavuki kilo 15 au zaidi kidogo. Mzigo huo twauweza.

Na mchanganyiko wenyewe ni huu, kwa kilo 10. Mahindi yaliyoparazwa kilo 4, pumba za mahindi kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 2 na gramu 200, dagaa waliosagwa kilo moja na nusu. Zilizobaki gramu 300 ni mifupa iliyochomwa na kusagwa, pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi. Kama dagaa wenyewe ni wa chumvi, chumvi iachwe kabisa, kwani chumvi nyingi huua vifaranga. Nitawafanyia hesabu ili msiniamini bure. Mahindi yale yanatoa gramu 340 za protini, pumba gramu 200, mashudu kama gramu 550, na dagaa gramu 825. Jumla ni gramu 1,915 katika kilo 10, yaani sehemu 19 katika 100. Angalieni basi: dagaa ni kidogo kuliko vyote vinne kwa uzito, lakini wametoa zaidi ya kila kimoja.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana ndipo penye uzito.

Dagaa wa Mwanza wanaoliwa na kuku ni dagaa wale wale wanaoliwa na mtoto. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania, kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, maana yake urefu wao haukufikia umri wao. Sababu za kudumaa ni nyingi, maradhi na maji machafu yakiwemo, lakini ugali mtupu ni mojawapo. Tabia ya mtoto aliyelishwa uji wa mahindi peke yake ni ile ile niliyoieleza kwa kifaranga: tumbo limejaa, mwili haujengeki. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa mbele ya mihrabu nikamwambia mama mwenye mtoto wa miaka miwili anunue dagaa awasagie kuku, ilhali mtoto anakula ugali na mchicha uliochemshwa. Katika nyumba ya namna hiyo dagaa ni wa mtoto. Kuku atafutiwe kingine.

Mwenye nafasi ya kutoa vyote viwili na atoe. Vifaranga 10 kwa wiki nane, kwa mchanganyiko nilioutaja, watahitaji dagaa kilo mbili na robo, na wakifika wiki ya nane badala ya kufa, kilo hizo zimerudi mara nyingi. Ila achague dagaa wa kuku kwa macho. Dagaa wa bei rahisi huanikwa mchangani, na mnunuzi hupimiwa mchanga. Tieni konzi moja katika bilauri ya maji, koroga, uone kinachotua chini. Na kwa kuku wanaotaga wasizidishwe, yai hunuka samaki.

Asiye na dagaa anazo njia nyingine, nami naona baadhi yake ni bora zaidi. Soya kavu ina protini karibu sehemu 37 katika 100. Katika ule mchanganyiko, kilo mbili na robo za soya zinashika nafasi ya kilo moja na nusu ya dagaa, mahindi yakipunguzwa robo tatu ya kilo, na protini haishuki hata kwa sehemu moja kamili. Lakini soya isilishwe mbichi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuisaga protini, hivyo kuku hula na asifaidike. Ikaangwe mpaka ibadilike rangi na kutoa harufu nzuri, au ichemshwe kisha ianikwe, ndipo isagwe. Hukumu hiyo hiyo ni ya maharage, tena maharage mabichi ni sumu hasa.

Ndugu wa Singida na Dodoma wana mashudu ya alizeti mlangoni, na ni ajabu kwamba mengi hupakiwa kwenye malori yakaenda kulisha mifugo ya wengine. Walioko upande wa ziwa na Shinyanga wana mashudu ya pamba, yenye protini nyingi kuliko ya alizeti, lakini yana sumu iitwayo gosipoli. Vifaranga wasipewe, na kuku wanaotaga wakipewa kiini cha yai hubadilika rangi. Watu wa Pwani na Visiwani wana mashudu ya nazi, na zaidi ya hayo wana vichwa na matumbo ya samaki yanayotupwa ufukweni kila siku. Vichemsheni kwanza, kisha mwapatie kuku siku hiyo hiyo. Mashudu ya karanga ni mazuri sana, ila yaogopeni yakishaota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu-kuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya nafaka. Chakula kilichooza tusiseme, kitafaa kuku. Bata na vifaranga ndio wa kwanza kufa kwa sumu hiyo, na kinachobaki hutufikia sisi.

Majani nayo yamo. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini yana protini kiasi cha robo ya uzito wake, na kiini cha yai hupata rangi nzuri. Yasizidi konzi moja katika konzi kumi za chakula. Majani ya lukina yanakaribia mlonge, lakini yana sumu yake, hayo yawe nusu ya kiasi hicho.

Naja sasa kwenye wadudu, jambo ambalo baadhi ya wazee walinitazama kwa jicho la wasiwasi nilipolitaja. Chakula cha asili cha kuku ni mdudu. Mchwa waliokaushwa, na funza waliokaushwa, wana protini ya kukaribia dagaa, na hawanunuliwi. Kumtega mchwa ni kazi ya jioni moja: chukua chungu kibovu, kijaze magunzi, mabua makavu na samadi kavu kidogo, nyunyizia maji, kifudikize juu ya tundu la kichuguu ulilolifukua, ukifunike na gunia. Alfajiri, ukitoka kusali, kichukue kabla jua halijapanda, maana wakihisi joto hurudi chini. Kimwage mbele ya kuku. Kwa vifaranga chagueni mchwa wadogo. Na wadudu waliotoka katika shamba lililopigwa dawa wasiguswe.

Funza hupatikana kwa kuwaachia nzi mabaki yenye unyevu ndani ya ndoo. Aliye bora ni yule nzi askari mweusi, mrefu mfano wa nyigu, ambaye akishakuwa mkubwa hali chakula chetu wala hazoei kuingia majumbani. Funza wake hukua kwa muda wa wiki mbili hivi katika maganda ya matunda, mabaki ya jikoni na mboga zilizooza, na akikomaa hujitoa mwenyewe akitafuta pakavu, ndipo anapookotwa. Siku hizi wapo vijana, hapa nchini na Kenya, wanaomfuga kwa biashara. Huyu namsifu kwa sababu hamnyang'anyi mtoto kitu. Amekula tulichotupa, akawa chakula cha kuku, na kuku akatupa yai.

Lakini kuku aliyekula funza, je, ni halali? Katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari imesimuliwa kwamba Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) aliletewa chakula chenye nyama ya kuku, na mtu mmoja akajitenga kwa kuwa aliwahi kumwona kuku akila kitu kilichomkirihi. Abu Musa akamwita aje ale, akaeleza kwamba yeye alimwona Mtume (s.a.w.) akila nyama ya kuku. Upande wa pili, Mtume (s.a.w.) alikataza kuliwa jallala, yaani mnyama ambaye sehemu kubwa ya chakula chake ni najisi, na kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) imepokewa kwamba alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumchinja. Tukiyaweka pamoja, njia ni nyeupe. Kuku kudonoa mdudu si tatizo. Kuku kuachwa ashinde chooni na kwenye mitaro michafu ndilo tatizo, na huyo afungiwe na alishwe chakula safi. Kwa hiyo funza wetu tuwaoteshe katika mabaki ya mboga na matunda, si kinyesi cha binadamu, tutakuwa tumejikinga na maradhi na shaka kwa pamoja. Ama damu ya machinjioni iliyokaushwa, inayouzwa kama chakula cha mifugo, naulizwa sana. Juu ya kuinunua, waulizeni wanachuoni wetu. Kwa upande wa ufugaji nawaambia tu kwamba haitulazimu: ingawa protini yake ni nyingi, ina kasoro katika muundo wake, na asiyejua kuipima hupoteza fedha.

Kwa kuku wakubwa sina maneno mengi. Waacheni wazurure asubuhi, kwani ukiwapa chakula mapema hukaa mlangoni wakikusubiri. Wanaporudi jioni, kila mtetea anayetaga apewe konzi ndogo, kama gramu 30 au 40, ya mashudu yaliyochanganywa na kidogo cha dagaa, soya au mchwa. Maganda ya mayai yachomwe, yasagwe hadi yasifanane na yai, yawekwe pembeni. Kiangazi ndipo msisahau, masika mnaweza kupunguza. Na kuzidisha mno protini si sifa: kuku huitoa kama mkojo mweupe, banda linanuka, na fedha imekwenda na harufu.

Mama akiona vifaranga wanajiweza katika tenga, wakiwa na joto la kutosha usiku, awatenge na mama yao baada ya wiki nne badala ya kusubiri miezi mitatu. Mtetea aliyepumzishwa hivyo, akilishwa vizuri, hurudi kutaga mapema, na aliyekuwa akitotoa mara tatu kwa mwaka huweza kuongeza mara moja au mbili.

Jambo moja linatangulia haya yote. Mdondo hauzuiliwi na dagaa. Kuku aliyenona hufa kwa mdondo sawasawa na aliyekonda, tena kwa hasara kubwa zaidi. Chanjo ya I-2, ile ya tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na wachanjwe kuku wa mtaa mzima kwa siku moja, maana kuku wa jirani hajui mpaka. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko walio nao watu wa nyumba moja, kwa hiyo watu kumi wakichangia, kila mmoja hutoa fedha ndogo sana. Katibu ana karatasi pale mlangoni; aandikishe jina na idadi ya kuku kila anayetaka kuchangia, ili kichupa kinunuliwe wiki hii na kiletwe ndani ya barafu. Akina mama waandikishiane upande wao. Muda uliobaki kabla ya Magharibi ni wa maswali.